Safari ya Kwa Keya

Baba yangu alipofariki dunia mjini Tanga hakuacha mali ya kugombewa na warithi. Aliacha kitanda cha kamba, majembe mawili, na sanduku la bati ambalo ndani yake, chini ya picha yake ya ujanani amesimama baina ya safu mbili za mkonge, nilikuta nyota ya shaba yenye pembe sita, imefungwa katika kipande cha kanga, imeshika kutu ya kijani kandokando, na katikati yake pana taji na herufi za mfalme wa Uingereza, zimezungukwa na maneno ya Kiingereza yanayoitaja Burma. Niliigeuza nyuma nikitaraji kuliona jina la mwenyewe, kwa kuwa nishani ni kitu cha heshima, na heshima haitolewi kwa mtu asiyejulikana. Walakini nyuma palikuwa patupu. Baadaye nilikuja kujua kwamba nyota za vita vile Waingereza waliwapa askari wao bila ya kuzichonga majina, ingawa nishani za vita vilivyotangulia, vile vya 1914, zilichongwa jina la mtu ukingoni.

Habari za babu nilizokuwa nazo zilikuwa chache mno. Nilijua kwamba alikuwa askari wa Keya katika vita vya pili, askari mtupu asiye na tepe hata moja begani. Kwamba kwao ni Mawengi, katika milima ya Upangwa, wilaya ya Ludewa. Na kwamba baba alishuka kutoka huko akiwa kijana kuja kukata mkonge, akaoa Tanga, akasilimu, asirudi tena kwao ila mara moja kwa mazishi. Mimi nilizaliwa na mama wa Kidigo, Kiswahili cha pwani ndicho maziwa niliyonyonya, na kazi yangu ni kuwafundisha watoto wa watu ngeli na mashairi; milima ya baba sikupata kuiona. Basi ilipofika Julai, shule zikawa na likizo, niliazimu kuirudisha ile nyota ilikotoka. Niliitia katika mfuko wa ndani wa koti, nikafunga safari.

Kutoka Tanga hadi Makambako ni mwendo wa kutwa nzima na kipande cha usiku. Basi liliondoka kabla ya adhana ya alfajiri, likapita mashamba ya mkonge ambamo baba alimaliza nguvu zake, likazunguka Chalinze, likapita mbuga ya Mikumi ambako twiga walisimama kandoni wasijali kitu. Na jua lilipokwisha kupinduka tuliingia bonde la Ruaha lenye mibuyu, kisha tukaanza kuukwea mlima wa Kitonga nyuma ya malori yaendayo Zambia. Tangu hapo hewa ilibadilika, jasho likakauka, na abiria wenyeji wakaanza kufungua mabegi yao na kuvaa masweta bila ya kuambiana, mithili ya watu wanaoitikia dua moja. Mimi nilikuwa na koti moja tu, nalo ni la harusi.

Makambako ni mji wa njia panda. Hapo barabara kuu ya Zambia hutoa tawi la kusini kwenda Njombe na Songea, na hapo hapo hupita reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina tangu mwaka 1970. Kwa hiyo kila saa ya usiku yuko mtu anayeshuka, anayepanda, au anayeuza mahindi ya kuchoma kwa wanaoshuka na kupanda. Mama mwenye nyumba ya wageni alinitazama ndara zangu, akatazama lile koti, akasema, “Baba, huku ni Julai,” akaniletea blanketi la pili asinitoze senti. Nililala nikikumbuka maneno machache ambayo baba aliyapokea kwa baba yake, kwamba usiku wa kupita hapa, kabla ya reli haijafikiriwa, walikuwa wamesimama katika lori lisilo na paa, wamebanana kama kuni, wakiimba mpaka sauti zikawakauka, wala hawakuimba kwa furaha bali kwa baridi.

Asubuhi nilishika gari la Njombe, mwendo usiozidi saa moja na nusu, baina ya misonobari na viazi. Mji wenyewe uko juu sana, ukungu huushukia mpaka madirishani, na watu wake husalimiana “Kamwene,” nami nilipoitikia “Alhamdulillahi” kwa mazoea walicheka, wakaniitikia nao. Nilikuwa nimesoma habari za vita vya kwanza katika nchi hii: kwamba mwaka 1916 jeshi la Jenerali Northey lilipanda kutoka Nyasaland likaingia Njombe, na kwamba mwezi wa Oktoba 1918 Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, akirejea kutoka Msumbiji na mabaki ya jeshi lake, alipita hapa akamwacha Jenerali Wahle, ambaye alikuwa mgonjwa, akaendelea mpaka alipoweka silaha chini Mbala, tarehe 25 Novemba. Majenerali hawa watatu wameandikiwa vitabu. Mizigo yao, hata hivyo, ilikwenda juu ya vichwa vya watu, na jina la Kariakoo pale Dar es Salaam, lililotokana na kambi ya wapagazi, ni miongoni mwa kumbukumbu chache walizobakiwa nazo. Nilipokuwa nikiyawaza hayo katika stendi ya Njombe, sikuwa na habari kwamba mmoja wao ni wa damu yangu.

Barabara ya Ludewa huachana na ya Songea pale Itoni. Kosta yetu ilijaa kina mama wenye magunia ya mbegu za viazi, na mzee mmoja aliyekaa ubavuni pangu alijitwika kazi ya kunionyesha kila mlima na jina lake. Tulipofika Lusitu sauti ya magurudumu ilibadilika ghafula, na mzee akanigusa goti: “Sasa tuko juu ya zege.” Kutoka hapo hadi Mawengi, kilomita 50, barabara haikumwagwa lami bali zege tupu, kwa sababu miteremko ni mikali, mvua ni nyingi, na inatarajiwa siku moja ibebe makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Zamani, alisema, lori likikwama huku masika, dereva aliweza kuvuna mahindi aliyoyakuta yakipandwa. Tulipinda na kupinda, bonde upande huu, ukuta wa mlima upande ule, migomba na mianzi ikichungulia katika ukungu. Nami nikahesabu kwamba kila kilomita iliyokuwa ikitupita kwa dakika mbili, babu aliipita kwa miguu.

Niliposhuka Mawengi niliwauliza vijana wa bodaboda nyumba ya babu, nikalitaja jina lake kamili kama lilivyoandikwa katika cheti cha baba. Walitazamana. Nikalitaja tena, pamoja na jina la baba yake. Mmoja akamwita mzee aliyekuwa akipita na jembe, naye akatikisa kichwa. Hata nilipoongeza kwamba alikuwa askari wa vita vya Burma, yule mzee alicheka kwa sauti, akawageukia vijana: “Si kwa Keya hapo!” Kumbe kilima chote, pamoja na kisima chake na njia iendayo kanisani, huitwa Kwa Keya, na watoto waliozaliwa juzi hulitaja neno hilo pasipo kujua kwamba ni herufi tatu za jeshi la wakoloni, K.A.R., zilizotamkwa na ulimi wa mwananchi. Jina la jeshi lilibaki. Lake yeye lilimezwa.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda karibu na moto, rozari shingoni, masweta mawili mwilini. Umri wake umepita miaka 80. Nilimwamkia, “Shikamoo, shangazi,” naye hakuitika mara moja, alinitazama kwa muda, akasema, “Marahaba, baba. Umechelewa,” kama kwamba nilitumwa dukani nikakawia njiani. Kisha alinipakulia ugali na maharage, na viazi vilivyochemshwa na maganda yake, wala hakukubali kuzungumza neno lolote la maana mpaka nimalize. Juu yetu iliwaka taa ya umeme, kwa maana Mawengi na vijiji jirani vina mradi wao wa umeme wa maji, lakini shangazi alisema kwamba taa ni ya kuonea na moto ni wa kuishi.

Nilipoitoa nyota na kuiweka kiganjani mwake, hakuishangaa. Aliifunika kwa mkono wa pili, akaanza mbali, kwa baba wa baba yake. Huyo alikuwa mtoto katika miaka ya njaa iliyofuata vita vya Maji Maji, ambavyo Wapangwa nao waliviingia, na alipokuwa hajatimia kuwa mtu mzima akachukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo. Wajerumani walipoondoka akachukuliwa na Waingereza. Watu walipomuuliza tofauti ya mabwana hao wawili alijibu kwamba masanduku yalikuwa yaleyale. Alirudi akiwa na shingo isiyogeuka, akitaka kukutazama sharti ageuke mwili mzima. Mwaka 1942, Wajapani walipokwisha kuziteka Malaya na nchi za jirani, mkonge na mpira wa Afrika ya Mashariki ukawa kitu cha kutafutwa sana, na serikali ikawalazimisha watu kwenda mashambani sawasawa na ilivyokuwa ikiwatafuta wa kwenda vitani. Vijana wa kilima hiki wakatakiwa. Mzee yule akamwita mwanawe, akamgeukia kwa mwili mzima, akamwambia, “Ukienda, nenda na bunduki. Usiende na mzigo.”

Hivyo ndivyo babu alivyokuwa askari. Vitabu vya siku zile vilisema kwamba watu wetu waliipigania Himaya kwa utiifu, na vya baadaye vikasema kwamba walishurutishwa kama watumwa. Ndani ya nyumba hii jambo lilikuwa shauri la baba kwa mwanawe, kuchagua taabu moja katika mbili. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini katika vita vile, na nadhani wengi wao, kama wangeulizwa kwa upole, wangetoa jawabu la namna hii, fupi, lenye shingo ya mtu ndani yake.

Alikwenda pamoja na jirani yake wa ng'ambo ya kijito, rika lake, waliochunga mbuzi pamoja. Walitembea siku tatu hadi Njombe, na karani akaandika majina yao kama masikio yake yalivyoyapokea. Kwa sababu hiyo, alisema shangazi, hata wao wenyewe walipoitwa mstarini siku ya kwanza hawakuitika. Nilimuuliza walikuwa kikosi gani. Hakujua hesabu ya kikosi, lakini alinyanyua kidole akajigusa bega: “Hapa alikuwa na kichwa cha kifaru.” Neno hilo moja lilinitosha, kwa kuwa kifaru kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo ndani yake zilikuwamo batalioni mbili za Tanganyika, ya 26 na ya 36. Divisheni hiyo ilivushwa bahari mwaka 1943 kwenda Ceylon, na mwaka uliofuata ikatiwa Burma, katika bonde la Kabaw, wakati wa masika yenyewe, kuwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin.

Kilichobaki kichwani mwa shangazi katika vita hivyo si mapigano. Baba yake alisimulia bahari, ambayo hakuwahi kuiona mpaka Kilindini. Alisimulia hofu iliyowaingia kambini habari zilipofika kwamba meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini, imezamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, ikazama kwa muda usiozidi dakika chache na watu takriban 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Alisimulia ruba waliopenya katika tundu za viatu, nyumbu waliozama topeni na mizigo yao, na vidonge vya malaria vilivyowageuza ngozi ikawa manjano, hata wakawa wanachekana. Bonde lile lilikuwa mashuhuri kwa homa. Kalewa, kwenye mto, ilitwaliwa tarehe 2 Desemba 1944, na daraja refu la chuma likatandikwa juu ya Chindwin kwa ajili ya jeshi la Jenerali Slim. Babu alilivuka, mwenzake hakulivuka. Alikwisha kubaki nyuma, bondeni. Shangazi hakupata kuambiwa kama ilikuwa risasi au homa, na kila walipomuuliza baba yao alitoka nje kwenda kuangalia mbuzi.

Nyumbani, muda wote huo, zilifika barua mbili. Zilisomwa na katekista, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kipangwa, mbele ya ua uliojaa watu, na bibi yangu akazitunza ndani ya chungu cha mbegu, ingawa hakujua kusoma, mpaka panya wakazimaliza. Yeye na mama wa yule jirani walilima shamba moja misimu minne, mke wa huyu na mama wa yule, wakigawana mavuno nusu kwa nusu. Na habari ya msiba ilipofika hawakuacha kugawana.

Babu alirudi mwaka 1946. Shangazi alikuwa na umri wa miaka mitano, na siku hiyo anaikumbuka kwa sababu alikimbia: lilitokea katika ukungu koti kubwa la jeshi, ndani yake mtu mrefu, anasukuma baiskeli. Ile baiskeli aliinunua Njombe kwa kiinua mgongo chake, akaisukuma siku tatu milima kwa mabonde asipate hata mahali pamoja pa kuipanda, na hapa Mawengi ilitumika miaka mingi kwa kutundikia kuku. Pensheni hakupata, wala hakuitaraji. Alipofika mlangoni alimwamuru mkewe kwa Kiswahili alete maji, naye mkewe, ambaye hakujua neno la Kiswahili, alidhani anamtukana.

Hapo mimi, mwalimu wa ngeli, nilijifunza jambo la kunitia haya. Kiswahili cha jeshini sisi watu wa pwani tulikiita Kikeya, tukakicheka, maana husema “kitu hii” na “maji iko”, na kila kitenzi ni amri. Miaka yangu yote ya kazi nimekitaja darasani kama mfano wa makosa. Kumbe katika nyumba ya baba yangu ndicho Kiswahili cha kwanza kuingia, kililetwa kutoka Burma ndani ya koti lenye matope, na kwa hicho baba alijifunza maneno ya kutosha kushuka Tanga, kuajiriwa, na kumposa mama yangu. Nilimwomba shangazi aniambie maneno aliyoyasema babu. Akayasema, yamevunjika ngeli zote, nami sikuyasahihisha.

Miaka kadhaa baadaye babu aliitwa bomani Njombe kupokea nishani, yake na ya mwenzake, maana mama wa marehemu hakuweza mwendo ule. Alizitia zote mbili katika mfuko mmoja wa lile koti, akarudi. Akaenda moja kwa moja kwa yule mama, akaziweka juu ya mkeka. Mama akauliza, “Ya mwanangu ni ipi?” Babu akazitazama mbele, akazigeuza nyuma, akazitazama tena. Shangazi alikuwapo, ameshika pindo la koti. “Alikaa kimya muda mrefu,” aliniambia, “halafu akasema, ‘Chagua, mama.’” Mama akachagua. Alizikwa nayo. Na tangu siku hiyo mpaka alipokufa, kila msimu wa kilimo ulipoanza, babu alilima kwanza shamba la ng'ambo ya kijito, kisha akavuka kulima lake.

Hii iliyobaki hakuivaa hata siku moja. Baba alipoondoka kwenda mkonge alimpa, akamwambia ni kitu cha wawili.

Nilimwambia shangazi kwamba nimekuja kuirudisha. Alinirudishia yeye, akaukunja mkono wangu juu yake. “Sisi huku tunayo habari,” akasema, “ninyi mlikuwa na chuma tu. Sasa unayo yote mawili, nenda nayo.”

Usiku ule sikupata usingizi, na sababu haikuwa baridi peke yake. Niliwafikiri kina Sykes wa Dar es Salaam, Abdulwahid na nduguye Ally, waliokuwa Burma vilevile, wakarudi wakaingia katika siasa, na mwaka 1954 wakawa miongoni mwa waasisi wa TANU. Hao tunawasoma, na ni haki. Nilifikiri pia makaburi ya Taukkyan, nje ya Rangoon, ambako yamechongwa katika mawe majina ya watu karibu 27,000 wasiojulikana walipozikwa. Yamkini jirani yetu yumo. Lakini yumo kwa jina alilolisikia karani, nami hata nikisimama mbele ya jiwe lenyewe nitalipita.

Asubuhi shangazi alinipeleka ng'ambo ya kijito. Pale anaishi mzee wa makamo ya sabini, mtoto wa ndugu wa yule askari aliyebaki Burma, ambaye tangu utotoni alisikia habari ya nyota iliyozikwa na bibi yake na hakupata kuiona. Alinawa mikono kwanza. Akaipokea kwa viganja viwili, akaitazama mbele, kisha, kama nilivyofanya mimi Tanga, kama alivyofanya babu juu ya mkeka, akaigeuza nyuma.

“Kumbe ndogo hivi,” akasema.

Akampa mjukuu wake, binti wa shule, naye akajaribu kuibandika kwenye sweta lake la sare. Haikuwa na pini, ikaanguka majanini, na sote tukainama kuitafuta. Shamba mbele yetu lilikuwa limekwisha kuvunwa, mabua yamelala chini. Chini barabarani, juu ya zege, kosta ya Njombe ilikuwa ikipiga honi.